Asesa Mgeni na Flashi ya Bure

Kwanza hongera. Umepata kazi kwenye ofisi ya kukadiria hasara hapa Dar es Salaam, umenunua buti za kukanyagia majivu na tochi inayowaka kweli. Mtaani utaitwa "mtu wa bima" na utatukanwa kwa madai ambayo hujawahi kuyagusa. Gereji watakuita asesa. Kwenye makaratasi ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wewe ni mkadiriaji hasara. Majina matatu, mshahara mmoja.

Wakubwa wa fani watakupokea vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Sijaona watu wakarimu kama maasesa. Hujamaliza kusema shikamoo, umeshashikishwa flashi. "Chukua mdogo wangu, humo mna kila kitu."

Na kweli mna kila kitu. Mna orodha ya bei za spea iliyoandaliwa enzi ambazo bampa la Toyota IST lilikuwa bei ya jozi ya viatu. Ukiitumia leo, fundi atacheka mpaka aweke spana chini, kisha atamwita mwenzake aje acheke naye. Mna fomu za madai za kampuni ambazo zilishabadili jina mara mbili. Mna folda moja nzito iliyoandikwa "MUHIMU SANA", na ndani yake picha za harusi ya mtu.

Halafu kuna folda ya Marekani. Kila flashi inayo. Kule wana programu inaitwa Xactimate: unaingiza vipimo vya chumba, inakutolea gharama ya matengenezo mpaka msumari. Mtu aliwahi kuchapisha kurasa zake, akampa mwenzake, mwenzake akampa wako. Utasoma jinsi ya kuhesabu mapigo ya mvua ya mawe kwenye paa la vigae vya lami, na jinsi ya kujua mbao za ukuta zimevimba kiasi gani. Ni elimu safi kabisa. Kisha utapelekwa Mbagala kwenye nyumba ya tofali za saruji na mabati, kwa fundi anayehesabu mchanga kwa tripu na saruji kwa mifuko, na bei inategemea kama barabara ya kuingilia imekatika au haijakatika. Mimi folda hiyo nilisafiri nayo miaka mitatu. Sijawahi kukuta kigae cha lami.

Kitu cha hatari kuliko vyote ni ripoti ya mfano. Utaambiwa, "Usianze kuandika upya, badilisha jina na tarehe tu." Nilitii. Ripoti yangu ya kwanza ilihusu duka la vitenge lililoungua Kariakoo. Nilibadilisha jina la mteja, tarehe, kiasi kinachodaiwa, nikasoma kurasa tano za mwanzo kwa makini ya mtu anayetaka kupandishwa cheo. Ukurasa wa sita sikuufikia. Kesho yake meneja wa madai wa kampuni ya bima akapiga simu, sauti imepoa. "Mdogo wangu, hilo duka lilikuwa na injini ngapi?" Nikafungua. Pale ukurasa wa sita, duka la vitenge lilikuwa limezama likielekea Mafia, na nahodha ameokolewa.

Kuna la kisheria pia, na hili halichekeshi sana. Ripoti za mfano hubeba majina ya watu, namba za akaunti, wakati mwingine hata fomu ya polisi ya PF3 yenye maumivu ya mtu yote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kazi, kutembeza vitu hivyo mfukoni ni kujitafutia makubwa. Ukipewa, futa. Na mtu akikusogezea karatasi za polisi zilizo tupu lakini tayari zina muhuri, iwe PF 90 au PF 93, akisema ni za kurahisisha kazi, hapo unanyanyuka na kuondoka bila kuaga. Hiyo ni jela, ila imegongwa muhuri.

Basi elimu yenyewe iko wapi? Wenzako wanayo, tena tele. Lakini kitu cha thamani hakitolewi kwa kuombwa. Kinatoka kama manung'uniko. Wanachokupa bure wameshakichoka. Wanachokilalamikia ndicho kinacholisha watoto wao. Kwa hiyo weka flashi mfukoni, nenda kwenye supu.

Nilimpata mwalimu wangu namna hiyo, Gerezani, kwenye kibanda cha supu kilichobanana kati ya gereji mbili. Mzee mmoja wa fani, simtaji, alikuwa anasukuma ndimu kwenye bakuli kwa hasira. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na Jangwani imejaa kama kawaida yake. "Mtu mzima," akasema, "ananiambia maji yaliishia kwenye matairi. Na mkanda umeshaniambia."

Hapa ndipo wageni huharibu. Wanauliza, "Mkanda gani, mzee?" Mzee anajishtukia, anageuza habari kuwa ya mpira wa Simba na Yanga, na umekosa somo la miaka ishirini. Mimi nilisogeza sahani ya chapati upande wake, nikasema kwamba watu siku hizi hawana haya. Akala nusu chapati, akanyanyuka. "Njoo."

Gari lilikuwa uani, limeoshwa linang'aa, ndani linanukia manukato ya limau. Viti vikavu. Mazulia mapya. Mzee akashika mkanda wa dereva, akauvuta polepole, akauvuta tena, mpaka ukafika mwisho kabisa, sehemu ambayo hakuna anayeivuta kwa sababu hakuna mwenye kifua cha kiasi hicho. Pale, kwenye kitambaa kilichokuwa kimejiviringisha ndani ya nguzo ya mlango, kulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa na rula. Chini yake rangi nyingine, juu yake rangi nyingine. Maji yalikuwa yamepita usawa wa kiti.

"Waosha magari wanasafisha vinavyoonekana," akasema.

Kisha akanieleza kwa nini usawa wa maji ulikuwa na uzito hivyo. Injini ilikuwa imenoki. Hewa ikiingia kwenye silinda, pistoni huibana, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakutana na maji, lazima kitu kipinde, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Gari likisimama limezimwa ndani ya mafuriko, mara nyingi unamwaga maji, unakausha, unabadilisha oili, maisha yanaendelea. Akija mtu akageuza ufunguo "kujaribu", hasara ya laki kadhaa inageuka ya mamilioni. Ndiyo maana swali la kwanza la asesa baada ya mafuriko si "maji yalifika wapi?" Ni "uliwasha?" Na linaulizwa kwa upole, katikati ya pole nyingi, kama vile unauliza habari za watoto. Mafuriko, kwa mwenye bima kubwa, ni janga linalolipwa. Kuwasha injini iliyokunywa maji ni ubishi, na ubishi una mawakili wake.

Siku nyingine, kwa bakuli lingine, nilipata habari ya balbu. Gari limegongwa usiku, dereva anaapa taa zilikuwa zinawaka. Waya wa ndani ya balbu ya zamani ukiwa umewaka huwa laini kwa joto, kwa hiyo kishindo huuvuta na kuutanua. Ukiwa baridi hukatika tu mkavu. Balbu ilikuwa shahidi mzuri. Siku hizi magari mapya yana taa za LED, zisizo na waya wa namna hiyo, na yule mzee alizizungumzia kama mtu aliyefiwa.

Mengine chukua hapa hapa, nisikuchoshe na supu. Mbonyeo wenye kutu ndani si wa jana. Wenye utando wa buibui si wa juzi. Picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp imevuliwa tarehe na mahali ilipopigwa, kwa hiyo omba uione ikiwa bado ndani ya simu iliyoipiga. Na mwenzako wa ofisi nyingine akikuuliza, "Lile faili la Mikocheni limefikia wapi?", mjibu kuhusu foleni ya Mwenge. Huenda yeye yuko upande wa pili wa faili hilo hilo.

Mara nyingine atakayekugawia elimu hata si asesa. Kuna hesabu inaitwa ya uwiano, ambayo wakubwa zangu walinipa katika kurasa nne zenye michoro. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 100, mwenyewe amekata bima ya milioni 60, moto umekula milioni 20. Kampuni hailipi 20. Inalipa 60 kwa 100 ya hiyo 20, yaani milioni 12. Nilikwenda kumweleza mama mmoja Mbezi, nyumba imeungua upande wa jikoni, nikafungua kurasa zangu nne. Alinisikiliza na leso mkononi mpaka mwisho.

"Mwanangu, kwa hiyo hiyo milioni nane iliyobaki, bima yake nilijikatia mwenyewe?"

"Ndiyo mama, ni kama hivyo."

"Mbona sikujilipa ada?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini sentensi yake ndiyo naitumia kuelezea wateja, na wanaelewa kabla chai haijapoa. Zile kurasa nne bado zimo kwenye flashi.

Sasa tuje kwenye utabiri, maana maasesa wakishagawana mafaili hugawana kesho. Utasikia soko linaelekea wapi, kazi zitatoka wapi, nani atakufa njaa. Kwanza jifunze lugha. Hatuandiki ripoti bila kuweka "bila kuathiri haki za upande wowote" na "kwa kadiri ya maelezo tuliyopewa", na tabia hiyo hutufuata nyumbani. Nilimuuliza mwenzangu harusi ya shemeji yake ilikuwaje. Akasema, kwa kadiri alivyoona, inaonekana ilifana. Mtu wa namna hiyo akikuambia kwa uhakika kwamba mwaka huu hakuna kazi Kigamboni, jua kazi iko Kigamboni.

Yupo anayetangaza kifo cha fani. Wateja sasa watapiga picha kwa simu, mashine itakadiria, asesa akauze mihogo. Mtabiri huyu nimemsikia kwa miaka mingi, na kila akitabiri amebadilisha gari. Ukimpata mzee wa zama za NIC, shirika la bima la taifa lililoanzishwa 1963, atakupa kifo cha zamani zaidi: 1967 bima ilipotaifishwa, ilikuwa basi, 1996 soko lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, ilikuwa basi tena. Fani yetu imezikwa mara nyingi, na kila mara ni sisi tuliokwenda kukadiria jeneza.

Yupo wa pili, wa fursa. Huyu anaona mabilioni: bima ya kilimo, gesi, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Hajakosea kwamba vitu hivyo vipo. Subiri tu dakika kumi, atakutajia ada ya mafunzo yake.

Wa tatu ni mtabiri wa mvua, na mimi nilikuwa mfuasi wake. Mwishoni mwa 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshaonya kuhusu El Niño, na tukakaa kama wavuvi waliosikia dagaa wanakuja. Mvua zikaja kweli. Aprili 2024 Rufiji ikazama, Mei kikafika Kimbunga Hidaya. Nikanunua buti za pili. Lakini mvua si kazi. Kazi ni mvua juu ya kitu kilichokatiwa bima, na shamba la mpunga lisilo na bima, hata likizama lote na jembe lake, halina faili wala ripoti. Buti za pili alizirithi mdogo wangu.

Mimi utabiri wangu nauchukua Gerezani hiyo hiyo, baada ya supu, kwa kutembea polepole nikitazama kinachoning'inia madukani. Bampa la zamani lilikuwa plastiki na rangi. Linaloning'inia sasa lina vihisi na kamera ndani yake, na kugusana kidogo kwenye foleni ya Ubungo, ambako zamani wenye magari walimaliza kwa kutukanana, kunazaa madai. Mbele yake kuna mitungi ya gesi ya magari na bajaji, na nyuma ya duka fundi kijana anafungua betri ya pikipiki ya umeme akiwa amevaa ndala. Huyo kijana nimechukua namba yake. Sikupi.

Flashi nimekuachia kwa dada wa mapokezi, mafaili 412, bure kabisa. Boti bado imo.