Shemeji, Weka Mabano

Kundi letu la WhatsApp la ukoo lilianzishwa kwa ajili ya michango ya mazishi. Siku hizi limegeuka darasa la hesabu lisilo na mwalimu. Shemeji yetu wa Migori hulitupia 8÷2(2+2), na chini yake huandika kwamba wenye akili tu ndio watakaopata jibu. Basi, usingizi umekwisha. Watu wa Homa Bay wanasema 16, wa Migori wanasema 1, na mweka hazina anayedai michango hajibiwi na mtu.

Fumbo lenyewe hata si jipya. Mwaka 2019 lilizunguka dunia hadi mwanahisabati Steven Strogatz akaliandikia makala katika New York Times. Sisi tunalipigania kwa BODMAS ya shule ya msingi. Ukivuka mpaka pale Isebania ukaingia Sirari, utakuta Watanzania na MAGAZIJUTO yao: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jirani naye asituamulie kesi, kwa sababu ubishi hauko kwenye kanuni. Wa 16 wanatoka kushoto kwenda kulia: 8÷2 ni 4, mara 4. Wa 1 wanashikilia kwamba 2 iliyogandana na mabano haibanduki, kwa hiyo ni 8÷8. Vikokotoo vya kisayansi navyo vimegawanyika vivyo hivyo, kimoja 16, kingine 1. Sasa utamshitaki nani?

Na huyu shemeji bingwa wa mafumbo, mpeleke sokoni Homa Bay umwone. Gorogoro mbili za omena kwa shilingi 300 kila moja, na boda 200. Mama muuzaji alisema 800 hata kabla ya kufunga mfuko. Shemeji hakuamini, akabonyeza 200+2×300 kwenye kikokotoo kidogo cha dukani, kikamwambia 60,600. Vile vidogo hufuata kidole tu, BODMAS havijaisikia. Mama akamtazama kama mteja aliyekuja kununua ziwa zima.

Mwenye kosa ni mwandishi wa fumbo. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 kinashauri alama ÷ isitumike. Andika (8÷2)×(2+2), tutakujibu 16 sote. Andika 8÷(2×(2+2)), tutakujibu 1 bila matusi. Mabano yako kwenye simu yako, shemeji, na hayalipiwi.