Namna ya Kuwa Bosi wa Usalama Chuoni Bila Kuzima Hata Njiti ya Kiberiti

Hongera, Mheshimiwa. Barua umeshaipata: kuanzia sasa wewe ndiye mratibu wa usalama, afya na mazingira wa chuo kizima, juu ya vipindi vyako vya kawaida. Hakuna aliyekuuliza kama unaijua kazi yenyewe, na wewe usijitie kuwaambia. Wapo watakaokushauri uanze kwa kusoma Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Usihangaike. Ichapishe, itie jalada la plastiki, iweke mezani upande anaouona mgeni akiingia. Yaliyobaki ni haya, na wala si magumu.

1. Unda kamati

Sheria inataka wawakilishi wa usalama na kamati yao, na hapa tunaiunga mkono kwa moyo mkunjufu, maana kamati ina posho. Chagua wajumbe kutoka kila idara, ila waepuke wanaoishika hatari kwa mikono yao: fundi sanifu wa maabara, fundi umeme, mpishi, mlinzi wa usiku. Hawa wana tabia mbaya ya kuleta mambo mahususi. Mmoja atasema swichi ya ghorofa ya pili inatoa cheche, na kikao kizima kitaharibika. Ajenda yako ya kudumu iwe "Yatokanayo na kikao kilichopita". Kilichopita nacho kilijadili yatokanayo. Kwa mwendo huo unaweza kufika kustaafu salama, na usalama wako ndio tuliouanzia.

2. Ning'iniza mitungi ya kuzimia moto

Nyekundu hupendeza kwenye picha. Mtungi wa poda una geji yenye mshale. Mshale ukitoka kwenye kijani, presha imekwenda. Basi geuza geji ielekee ukutani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi ndio rafiki wa kweli: hauna geji kwa kawaida, hujulikana ujazo wake kwa kupimwa uzito, na chuoni mizani iko zahanati tu, kwa ajili ya watoto.

Usijisumbue na mtungi upi ukae wapi. Wa maji upeleke chumba cha kompyuta, mwingine wa maji jikoni karibu na karai la mafuta. Ni kweli kwamba maji kwenye umeme yanaweza kumuua mzimaji, na kwenye mafuta yanayowaka yanarusha moto hadi darini. Lakini ukutani mitungi yote inafanana, na mgeni rasmi anapita haraka.

Muhimu kuliko yote, usimfundishe mtu kuutumia. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto, bana mkono, fagia kushoto na kulia: ukiwafundisha watu hayo watataka kujaribu, na wakijaribu watagundua mtungi mtupu.

3. Funga mlango wa dharura

Kufuli kubwa. Sababu unayo tayari: wizi wa laptop. Ufunguo akae nao mlezi wa hosteli, na mlezi akae mbali, njia ya daladala mbili. Chini ya ngazi za dharura rundika viti vilivyovunjika miguu, meza, na kompyuta za zamani zinazosubiri kibali cha kufutwa kwenye daftari la mali. Mali ya umma haitupwi ovyo. Ikibidi iungue, iungue ikiwa kwenye daftari.

Juu ya mlango huo weka kile kibao cha kijani chenye mtu anayekimbia. Wakaguzi wanampenda sana yule mtu. Hakuna aliyewahi kumuuliza anakimbilia wapi.

4. Tawala hosteli kwa matangazo

Chumba cha wanne kinalala saba. Wanafunzi wanaita kubebana. Wewe kwenye takwimu andika wanne. Ukutani kuna soketi moja, juu yake ekstensheni, juu ya ekstensheni nyingine, na mwisho wa msafara huo kuna simu saba, pasi, hita ya kuchemshia maji na jiko la koili lililofichwa chini ya kitanda. Waya mmoja mwembamba unabeba yote hayo, unapata moto taratibu, na godoro la sponji liko karibu likisubiri.

Mtu asiye na uzoefu angeongeza soketi na kujenga jiko la pamoja kila ghorofa. Wewe andika tangazo: NI MARUFUKU KUPIKA VYUMBANI. Karatasi ni nafuu kuliko jiko. Kantini ifungwe mapema, halafu mara moja kwa muhula fanya msako, kusanya majiko, yapige picha. Wiki ijayo watanunua mengine, na muhula ujao utakuwa na picha mpya. Kukitokea lolote, tangazo lilikuwepo.

5. Iache maabara na siri zake

Kabati la kuvutia mvuke feni yake ikifa, ligeuze stoo ya chupa. Kemikali za zamani usiziguse, na zaidi ya hapo usiziorodheshe. Asidi ya pikriki iliyokauka chupani inaweza kulipuka kwa kusuguliwa tu na mfuniko. Etha iliyokaa muda mrefu hutengeneza peroksaidi, nazo hazina utani. Orodha ingekulazimu kuita mtaalamu, na Mkemia Mkuu wa Serikali angetaka kujua mlizihifadhi vipi miaka yote hiyo.

Karatasi za maelezo ya usalama wa kemikali, zenye vipengele 16, zifungie kabatini. Kemikali iliyobaki itie kwenye chupa tupu ya maji ya dukani na uandike kwa kalamu ya risasi. Kimiminika kichafu ni cha sinki. Sinki linakwenda wapi? Chini. Na baada ya chini kuna kijiji chenye kisima, ambacho hakimo kwenye mipaka ya chuo.

6. Usikague

Hii ndiyo siri ya kazi nzima, kwa hiyo sogea karibu. Oktoba 2008 wakaguzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliingia maabara moja ya kemia ya chuo chao wenyewe, wakakuta watu wanafanya kazi bila makoti ya maabara. Wakaandika ripoti. Marekebisho yakasogezwa mbele. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, msaidizi wa utafiti wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Bomba likaachia. Alikuwa amevaa sweta, hakuwa na koti. Alifariki siku 18 baadaye, na profesa wake akafunguliwa mashtaka ya jinai.

Watu wa kawaida wanasema fundisho ni kuvaa koti na kutekeleza ripoti. Sisi wa kazi hii tunajua zaidi. Kilichowatesa wakubwa pale ni kwamba kulikuwa na karatasi yenye tarehe. Ukikagua utajua, ukijua utaulizwa. Usipokagua utabaki na ile sentensi tamu kuliko zote katika utumishi: "Hatukuwa na taarifa."

7. Epuka zoezi la dharura

Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza uvamizi, miezi minane tu baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Milio ya risasi ikasikika, wengi hawakujua kuwa ni zoezi, watu wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wengi waliumia.

Msomaji makini angesema: basi zoezi litangazwe, lianze na kengele na kutembea kwa utaratibu hadi uwanjani, watu wahesabiwe, Zimamoto wawepo. Hiyo ni kazi ya wiki nzima. Wewe chukua fundisho la mkato: mazoezi ni hatari. Kibao cha "Mahali pa Kukusanyikia" kitundike pale yanapoegeshwa magari ya viongozi. Siku ya tukio angalau magari yatakuwa salama.

8. Sherehekea

Tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Bajeti yako yote iende huko. Fulana zenye kaulimbiu, kofia, bonanza, kuvuta kamba, mgeni rasmi, picha ya pamoja mbele ya mitungi. Fundi umeme akikuuliza glavu za mpira alizoomba, mpe fulana. Mwambie ni saizi yake.

9. Likitokea, liwe la umeme

Siku itafika. Usipaniki, tangulia kwenye vyombo vya habari useme chanzo ni "hitilafu ya umeme". Umeme hauna wakili wala chama cha wafanyakazi. Usitaje ekstensheni, wala soketi moja, wala aliyezuia fedha za ukarabati. Unda tume, ipe siku 14, na 14 nyingine. Tume ikibanwa imalizie kwa "uzembe wa baadhi ya wanafunzi", ambao bahati nzuri kufikia hapo watakuwa wamehitimu, au hawawezi tena kujitetea.

Baada ya hapo utapandishwa cheo, kwa kuwa umeonyesha utulivu katika kipindi kigumu. Ushauri wa mwisho kwako: mwanao akichaguliwa kujiunga na chuo hiki, mpangishie chumba nje.

Na wewe mwanafunzi uliyekuwa ukisoma begani kwa Mheshimiwa, nawe nina neno. Leo jioni tembea korido yako hadi mwisho, usukume mlango wa dharura. Geuza mtungi uangalie geji. Vikikukatalia, piga picha, andika barua, tia tarehe, na nakala umpelekee waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi. Namba ya Zimamoto ni 114. Barua yenye tarehe ndiyo kitu pekee ambacho Mheshimiwa anakiogopa kuliko moto.