Subira ya Miaka 14

Wanaoubeza mchezo wa video wa Duke Nukem Forever hawajui thamani ya kazi isiyo na papara. Mfereji wa Suez ulichimbwa kwa miaka 10 tu, na kutoka ahadi ya Kennedy hadi mtu kukanyaga mwezi ilipita miaka 8. Lakini hizo, tukubaliane, zilikuwa kazi nyepesi. Mchezo huu wa kufyatua risasi ulitangazwa mwaka 1997 ukatoka 2011, baada ya kampuni ya 3D Realms kuvunja timu yake na kampuni ya Gearbox kuumalizia. Hakuna aliyedanganywa: iliahidiwa kwamba utatoka ukikamilika.

Wapo wanaolalamika kwamba katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 1996, shujaa wake Duke alibeba ghala zima la silaha, ilhali safari hii anabeba mbili kwa wakati mmoja. Jamani, umri ule, na mgongo je? Wengine walinung'unikia kungoja kila hatua ipakiwe, kana kwamba aliyengoja miaka 14 hawezi kuongeza nusu dakika. Na ikiwa utani wake ulionekana umechacha, kosa ni la wachezaji wenyewe: nani aliwatuma wakue kabla mchezo haujakamilika?