Sifa za Kimya cha Projekta

Yupo mgeni mmoja ambaye MC hajawahi kumtambulisha. Hana kadi, hakutoa mchango, hakuhudhuria kikao hata kimoja cha kamati, na bado akiingia ukumbi mzima husimamisha shughuli. Namsema yule kimya anayetokea kompyuta inapochomekwa kwenye projekta. Picha inatanda ukutani, maharusi wanaonekana wakubwa kuliko walivyo, mdomo wa mzee wa nasaha unafunguka na kufungika, na kinachosikika ni feni ya projekta peke yake. Watu humlaani. Mimi nimeamua kumsifu, kwa sababu amenifundisha zaidi ya semina zote alizozikatiza.

Kwanza nimwondolee kashfa kwamba yeye ni ubovu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Tukumbuke tulikotoka: ule waya wa VGA, wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili pembeni, uliletwa na IBM mwaka 1987 na ulibeba picha tu. Sauti haikuwa na nafasi humo, kwa hiyo kila fundi mitambo alijua kazi yake: waya mmoja wa picha, na mwingine wa pini kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye mikisa. Kisha mwishoni mwa 2002 ikatangazwa HDMI, inayobeba picha na sauti pamoja, na hapo ndipo utii ulipoanza kuonekana. Ukichomeka waya huo, projekta huipa kompyuta maelezo yake mafupi, ambayo mafundi huyaita EDID: inaitwaje, inamudu picha ya ukubwa gani, na kama inapokea sauti. Ikijibu kwamba inapokea, mara nyingi Windows huhamishia sauti huko bila kumuuliza mtu. Sasa projekta yenyewe imening'inizwa darini. Ina kaspika kadogo kanakozidiwa na feni, au haina spika kabisa, ina tundu la kutolea sauti ambalo tangu ifungwe hakuna aliyechomeka kitu. Sauti imepanda hadi kule kama ilivyoagizwa, imefika, imetulia. Nionesheni mtumishi mwingine anayeripoti kituo kipya siku ile ile aliyokabidhiwa barua ya uhamisho.

Uthibitisho upo, tena ni mzuri kuutazama. Fungua orodha ya vifaa vya sauti kwenye ile paneli ya zamani ya Windows. Pembeni mwa kila kifaa kuna kijistari cha kupimia sauti. Pembeni mwa jina la projekta (ambalo kwa kawaida si jina, ni herufi na tarakimu zinazofanana na namba ya gari) kijistari kinarukaruka kwa rangi ya kijani, juu, chini, juu, kikicheza muziki wote ambao ukumbi hausikii. Muziki upo. Ninyi ndio hampo mahali ulipopelekwa. Pembeni mwa spika za kompyuta yenyewe kijistari kimelala. Hapo dawa ni jambo la sekunde: bofya alama ya spika kwenye kona ya chini kulia, fungua orodha, chagua spika za kompyuta, na ule waya wa pini uende kwenye mikisa kama enzi za VGA. Kama programu inayopiga video ilikuwa imefunguliwa kabla, huenda ikang'ang'ania njia ya zamani. Ifunge uifungue tena. Basi.

Lakini nani anataka dawa upesi hivyo? Angemnyima kimya nafasi ya kufanya kazi yake kubwa, ambayo ni kupanga watu upya. Katika ukumbi wenye sauti, mkurugenzi ni mkurugenzi. Sauti ikikatika, mkurugenzi anageuka mtu aliyeshika rimoti isiyohusika. Washauri wanajitokeza kwa mpangilio usiobadilika. Wa kwanza husema ongeza sauti, na huongezwa mpaka mwisho. Wa pili husema huo waya ni feki. Wa tatu, mwenye shahada nyingi kuliko wote, husema zima uwashe. Kompyuta inazimwa mbele ya watu mia mbili, nayo inaona huo ndio wakati mwafaka wa kufanya masasisho yake. Hatimaye anakuja kijana aliyekuwa akipanga soda, anajifuta mikono kwenye suruali, anainama, anabofya mara mbili, na spika za ukumbi zinapasuka kwa sauti iliyokuwa imewekwa mwisho na mshauri wa kwanza. Bibi wa mstari wa mbele anashika kifua. Kijana anarudi kwenye soda zake. Usaili wa kumpata mtu kama huyo ungechukua miezi, na kimya amemtambua kabla pilau haijapoa.

Sifa yake nyingine, ambayo mimi naiweka juu ya zote, ni kwamba huwapa watu maneno. Sinema ilizaliwa bila sauti. Mpaka The Jazz Singer ilipotoka Marekani mwaka 1927 na kuifungulia njia filamu yenye mazungumzo, watazamaji wa sehemu nyingi walitegemea wapiga piano na maandishi ya kwenye pazia. Japani walikuwa na wasimulizi wanaoitwa benshi, waliosimama pembeni ya pazia wakisema maneno ya kila mhusika, na baadhi yao wakawa na majina makubwa kuliko waigizaji. Sauti ilipoingia, kazi yao ikafa. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Filamu zilifika zikiwa na sauti zao, za Kichina, Kihindi, Kiingereza, na wasimulizi wakazibana hizo sauti ili waseme wao. Lufufu wa Dar es Salaam alijijengea jina katika vibanda vya video kwa namna hiyo, DJ Afro akafanya hivyo Kenya, na Uganda wapo mavijei ambao bila wao filamu huonekana haijakamilika. Hawa wote walielewa kwamba sauti ya filamu ikipungua, penye upungufu huo pana ajira.

Ndiyo maana MC mzuri utamjua siku projekta inapogoma kusema. MC wa kawaida huomba radhi na kuwataka wageni wawe wavumilivu. MC mzuri huchukua kipaza sauti na kuanza: "Huyo mnayemwona ni bibi harusi akiwa darasa la pili, na hilo pengo la meno msidhani ni la jana, shangazi yake yupo hapa meza ya nne atathibitisha." Shangazi anathibitisha. Ukumbi unacheka. Ile video iliyohaririwa kwa wiki mbili, yenye wimbo uleule wa kila sherehe, haijawahi kuchekesha mtu.

Tawi la kimya linaloishi kwenye tundu la pini lina sifa za aina yake, hasa uaminifu. Pini yenyewe ni ya ukoo mkongwe. Baba yake, mnene wa milimita 6.35, alianza kazi karne ya 19 kwenye mbao za kuunganishia simu, na hadi leo yuko kwenye magitaa na mikisa. Mtoto wake wa milimita 3.5 ndiye tunayemjua. Kompyuta ikihisi pini imeingia, hunyamazisha spika zake ili usikilize peke yako. Vema. Ila pini zikivutwa kwa hasira hukatika, na kile kincha hubaki ndani ya tundu. Kompyuta haijui kwamba hedifoni zilitupwa zamani. Inaendelea kumtunzia faragha mtu asiyekuwapo, mwezi baada ya mwezi, na mwenye kompyuta anapakua draiva mpya kila Jumamosi.

Kimya cha Bluetooth nacho ni cha kujitegemea, hata waya hakihitaji. Hedifoni zimesahaulika mkobani zikiwa zimewashwa, kompyuta imezikumbuka, na hotuba yote ya ufunguzi inasikilizwa na mkoba. Wakati mwingine sauti huvuka ukuta ikatokea kwenye sabufa ya chumba cha pili, ambako watoto wanapata taarifa ya fedha ya robo mwaka ambayo wajumbe wa bodi wanaisubiri. Na wenye Mac wasijione wamepona: wakipeleka sauti kwa HDMI, mara nyingi vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti havifanyi kitu, na lazima mtu atafutwe mwenye rimoti ya TV. Watumiaji wa Linux siwasemi. Wao hukiita kimya ndugu.

Biashara nayo imshukuru. Projekta za VGA bado zimejaa mashuleni na kumbi za dini, na kompyuta nyingi mpya hazina tundu hilo, hivyo maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue huuza adapta za kutoka HDMI kwenda VGA. Picha inapita. Sauti haiwezi kupita, kwa sababu VGA haina njia yake, isipokuwa adapta iwe na kitundu cha pini ubavuni. Mnunuzi asiyekiangalia kitundu hicho atarudi dukani, na muuzaji atamuuzia nyingine kwa moyo mkunjufu.

Wapo wabaya wa huyu mgeni, nao nitawataja. Ni mafundi wanaofika saa nzima kabla ya watu. Wanachomeka waya, wanapiga wimbo mmoja, wanakwenda kusimama mwisho wa ukumbi wasikie kama unafika. Wanazima Bluetooth. Wanabeba waya wa pini wa akiba hata waambiwe HDMI inatosha. Wanaanza kuwasha projekta, ndipo wanachomeka kompyuta, ili maelezo yale yasomwe vizuri. Kwa ukatili huo shughuli inaanza saa iliyoandikwa kwenye kadi, jambo ambalo wageni hawakujiandaa nalo.

Wakali zaidi huingia kwenye orodha ya vifaa na kuizima kabisa sauti ya HDMI, isirudi tena, wakadhani wamemmaliza. Kwa ukumbi ule wamemmaliza kweli. Mwenye kompyuta anashukuru, analipa, anaondoka nayo. Jumapili anaiunganisha na TV ya sebuleni ili aone mechi na majirani. Picha safi, nyasi za kijani, TV ya inchi 55 haitoi hata mkoromo, na mtangazaji anapiga kelele za goli kutoka kwenye kompyuta iliyo mapajani mwake, huku jirani akimuuliza kama huo waya ni orijino.