Kidogo Tu, Prof

Ukitaka kutoka Kindu na mzigo mwepesi, usimwambie mtu. Mkeo mwambie usiku wa kuamkia safari. Fundi wa baiskeli usimwambie kabisa, wala mama anayeuza mikate kwenye kona. Mtoto ndiye hatari kuliko wote, kwa maana mtoto wa Kindu ni redio isiyotaka betri. Habari ikishavuka ua wako, begi si lako tena. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na somo hili silioni kwenye kitabu chochote.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kasongo, kwa mambo ya mahari ya mpwa wangu. Kwenye ramani ni jambo la kidole kimoja: kilomita kama 250 kuelekea kusini, unavuka mto Lualaba kwenda Alunguli, unaingia msitu, msitu unapungua, nyasi za savana zinaanza, umefika. Reli ipo, lakini inapita upande wa pili wa mto, kwa Kibombo, na wenye binti hawakutaka kuona wakwe wanangojea treni. Ikabaki pikipiki.

Nina rafiki anayeishi Maskati, Oman, Mzanzibari niliyejuana naye Kampala. Yeye na wenzake, ikifika mwisho wa wiki, hupanda magari wakaenda kujitesa kwa hiari, leo milimani, kesho jangwani. Kwake njia mbovu ni burudani, watu wanalipia. Nikaona huyu ndiye wa kumwuliza. Akanitumia sauti ndefu ya WhatsApp iliyokula salio langu lote, nami nikaisikiliza kwa adabu. Akaniambia njia ya kupanda Jabal Akhdar ina kizuizi cha polisi huko chini, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne linarudishwa nyumbani. Akaniambia kwenye michanga ya Wahiba watu hupunguza upepo wa matairi ili tairi lilale, likanyage mchanga kwa upana badala ya kuuchimba, kisha wakifika kwenye lami wanaujaza tena kwa pampu ya umeme. Kwa hiyo nibebe pampu. Na mbao za kuweka chini ya gurudumu, na winchi, na friji ndogo ya kuchomeka garini, na dele la kahawa. Mwishoni akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu mzima: “Lakini usizidishe, bwana. Chukua vya lazima tu.”

Nikamjibu kwamba sisi wa mkoa wa Maniema hatuna jangwa, na milima iko mbali, huko Kivu. Sisi tuna njia tu. Na winchi tunazo, zinakaa kijijini. Ukinasa kwenye shimo la tope wanatokea vijana wanane wenye majembe na mashina ya miti, wanakusukuma, halafu mnazungumza bei. Wenye busara huzungumza bei kwanza.

Hata hivyo ushauri ulikuwa umeniingia. Nikachukua daftari nikaandika mahitaji yangu kwa mpangilio wa kialimu: chandarua, tochi, betri za akiba, dawa za malaria, viatu vya mvua, sufuria, jiko dogo la mafuta, suti ya kukutana na wakwe, pasi ya makaa ya kunyoosha suti, na kitabu kikubwa cha historia kwa sababu niliamini jioni nitasoma. Nikavipanga barazani. Jioni akaja kijana wa Mikelenge atakayenibeba kwenye pikipiki yake. Akavitazama. Akauinua mzigo kwa mkono mmoja, akaushusha, akaniuliza kwa upole:

“Prof, unahama?”

Nikamweleza umuhimu wa kila kimoja. Akasikiliza hadi mwisho, ndipo akanionyesha mzigo wake yeye. Ulikuwa ndani ya mfuko mmoja wa nailoni: buji ya akiba, yaani plagi, iliyoviringishwa kwenye kitambaa, waya, koleo, shambrea moja ya ndani ya tairi, viraka na gundi, pampu ya mkono, na kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha karibu chote. Nikafikiri ni msafi. Akaondoa pasi, akaondoa jiko na sufuria, na kitabu akakipima mkononi kisha akampa mwanangu. “Njia inapenda mtu mwepesi,” akasema, akaenda zake kulala akiwa na imani kwamba kazi imekwisha.

Hakujua kwamba mwanangu, pamoja na kitabu, alikuwa pia na habari.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani mwenye bahasha. Bahasha haina neno. Akafuata baba mmoja na viatu vya shule vya mtoto wa dada yake, vimefungwa kwa gazeti. Akaja mama na kilo kumi za mchele wa kupeleka Kasongo. Mchele, Kasongo! Mji ambao watu wake wamekuwa wakilima mpunga tangu zamani za waungwana, na kila gunia la mchele sokoni kwetu linadaiwa kutoka huko. Nikamkumbusha. Akaniambia mchele ule ule ulitoka Kasongo kweli, lakini alikuwa ameshauchagua mawe, na bintiye hana muda. “Ni kidogo tu, Prof.”

Wa mwisho alikuja usiku na kiti. Kiti cha plastiki cha buluu, kipya, chenye mikono miwili, cha kumpelekea mama yake mzee anayeumwa magoti. “Ni chepesi sana,” akasema, akakiinua kwa kidole kunithibitishia. Sikuweza kubishana, kiti cha plastiki kweli ni chepesi. Uzito wake uko kwenye umbo.

Wasomaji wa mbali watauliza kwa nini nisikatae. Nitakataaje? Samaki niliyemla mwezi uliopita alitoka Ubundu kwenye mapaja ya mtu nisiyemjua, na miwani hii ninayoandikia ilivuka mto Ulindi ndani ya kofia. Vitu vya Maniema vinasafiri kwa mkono wa anayesafiri, na zamu yangu ikifika siwezi kujifanya mgeni. Pesa siku hizi zinapita kwenye simu. Kiti bado.

Tena kwa upande wetu huu, kuzidisha mizigo ni desturi yenye historia. Novemba 1876 mpelelezi Stanley alitoka Nyangwe, jirani na Kasongo, kuingia msituni, na watu wake walikuwa wamebeba mashua. Mashua nzima, Lady Alice, iliyogawanywa vipande, iliyotoka pwani mabegani mwa watu. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alikubali kumsindikiza kambi 60 kwa dola 5,000, kwa hesabu aliyoiandika Stanley. Ndani ya msitu wabeba mashua ndio walioteseka kuliko wote. Wenzao walishapika na kula, wao bado wanapambana na mizizi huko nyuma. Tippu Tip aliuona msitu, akaona unatosha, na Desemba akakata shauri kurudi kabla kambi 60 hazijatimia. Namwelewa kabisa. Lakini walipofika mtoni vipande vikaunganishwa, mashua ikaelea, na ukawa ndio mzigo pekee ninaoujua katika historia ya Maniema uliokubali kuwabeba wenyewe. Hadithi hii nilimsimulia dereva wangu alfajiri ile kwenye bichi ya Kasuku, pa kuvukia mto, alipokuwa amesimama anakitazama kiti. Hakusema kitu. Akatoa kauchu, kamba yake ya mpira, akaanza kukifunga, miguu juu, nyuma ya gunia la mchele, na mimi nikapenya katikati.

Mtumbwi ukatuvusha. Watoto wa Alunguli walishangilia. Barabarani tukawapita wale watu wa baiskeli, na hapo niliona haya kidogo. Baiskeli zao zimeongezewa vyuma kwenye fremu, mti mmoja umefungwa usukani na mwingine nyuma ya tandiko, na kati yao magunia na mabidoni ya mawese mpaka baiskeli haionekani. Hawaipandi, wanaisukuma, siku baada ya siku. Mizigo yote ni ya watu. Vyao wenyewe vimo kwenye kikopo kilichoning'inia: kikombe, kiraka, chumvi. Mmoja alitazama kiti chetu akaachia tabasamu la mtu wa kazi kwa mtu wa kazi.

Shimo la kwanza tulilivuka kwa kushuka, la pili kwa vijana. Kabla ya jua kuwa kali nikasikia harufu ya petroli kwenye suruali. Tangi lilikuwa na ufa mwembamba chini, upande wa mshono, mafuta yanatoka tone kwa tone. Mimi nikafikiria winchi, sijui kwa nini. Kijana akazima injini, akailaza pikipiki kwa upande, akafuta pale kwa kitambaa cha ile buji, kisha akatoa kile kipande cha sabuni. Akakilowesha kidogo, akakisugua kwenye ufa huku na huku mpaka sabuni ikajaa ndani, akamalizia kwa kukandamiza kwa dole gumba kama dakika nzima, anapiga mluzi. Tone likakoma. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Maji ndiyo yanayoishinda. Kile kipande cha sabuni kilitufikisha Kasongo, na dawa zangu, tochi na betri za akiba havikutoka mfukoni hata mara moja.

Kiti nacho kilipata siku yake. Kwenye kivuko cha mto mmoja tulikuta baki, yaani feri, imesimama ng'ambo ikingoja mafuta, na watu wamejaa ukingoni wamekaa juu ya magunia yao. Nilikuwa na mgongo uliokufa. Nikafungua kauchu, nikakishusha kiti, nikakiweka chini ya mwembe nikakaa. Sikuwa na nia nyingine. Lakini mtu mwenye miwani, pale kivukoni, kwenye kiti cha mikono miwili, si msafiri tena. Mzee mmoja akavua kofia akanisalimia. Mama akaniletea karanga kwenye sahani. Mara wakaanza kunieleza habari za baki: tangu lini inasumbua, mafuta yanaishia wapi, daraja liliahidiwa na nani. Nikatoa daftari, maana mwalimu akisikia watu wanasema huandika, na hilo likawathibitishia. Dereva wangu, Mungu amsamehe, akaja kusimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, miwani ya jua usoni. Baki ilipofika tukapandishwa wa kwanza. Malalamiko yao bado ninayo, nyuma ya ukurasa ulioandikwa “pasi ya makaa”.

Kasongo tulifika tukiwa na rangi moja na barabara. Mama mzee alikipokea kiti kwa machozi, akakaa, akageuza shingo kulia na kushoto, akauliza meza iko wapi. Mchele ulipokelewa na binti aliyecheka mpaka akashika ukuta. Suti ilikuwa na mikunjo ya kutosha, lakini wakwe walitazama zaidi bahasha ya mahari.

Siku ya kurudi nilijiandaa. Nilimwambia kijana kwamba sichukui cha mtu, hata sindano, na nikamsifu kwa falsafa yake ya mfuko mmoja. Akaitikia kwa kichwa. Nikaingia ndani kuaga. Nilipotoka nilikuta pikipiki imesimama kwa shida: magunia mawili ya karanga nyuma, la tatu juu ya tangi, jogoo wawili wananing'inia usukani, na nafasi yangu imebaki upana wa kiganja. Alikuwa anakaza kauchu ya mwisho kwa meno.

Nikamwuliza vipi njia inayopenda mtu mwepesi. Akaachia kauchu, akapangusa mdomo, akanitazama kama ninavyowatazama mimi wanafunzi.

“Prof,” akasema, “hii si mzigo. Hii ni biashara.”