Mbwa wa Nyumba Isiyotulia: Chagua Hivi

Baba yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya, mama anawahi soko la Kasongo, vijana wamepanda baiskeli kwenda Luama kabla jua halijatoka. Nyumba kama hiyo inahitaji mbwa mwenye miguu. Barzani ubishi huwaka: huyu anataka mbwa wa Saint-Hubert kama wale wa Hifadhi ya Virunga, yule anamtaka basenji, mbwa mdogo wa msitu wetu wa Kongo. Wote wawili ni adimu, wote ni wachapakazi.

Anza na mate, maana hapo ndipo ndoa nyingi zitatikisika. Saint-Hubert ana midomo inayoning'inia. Akitikisa kichwa, mate hufika ukutani. Kasongo ina Waislamu tangu enzi za Tippu Tip, na kwa madhehebu ya Shafii chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda ametajwa kwa ruhusa katika Sura ya Al-Maida, kwa hiyo usiogope kumfuga. Ila ukimleta Saint-Hubert, tafuta kwanza binti asiyechoka kuchota maji, kisha umwombe radhi mapema. Basenji hatiririshi mate, hanuki, na hujilamba mwili mzima kama paka.

Halafu tumbo. Saint-Hubert hufika kilo 45 na kupita. Basenji ni kilo 10 au 11. Mmoja anakula sahani ya bukari ya mtu mzima na kutazama ya kwako, mwingine anashiba kwa mabaki ya ndagala.

Simdharau Saint-Hubert. Pua yake ina chembe za kunusia zipatazo milioni 300, wakati yetu haizidi milioni chache, na anaweza kufuata harufu ya mtu aliyepita siku kadhaa nyuma. Tangu 2011 mbwa wa aina hiyo wanawasaidia walinzi wa Virunga kuwasaka majangili wa tembo, na kazi hiyo ni ya heshima kubwa. Lakini wana walezi wao, chakula chao na mganga wao wa mifugo. Kwako atamsaka nani? Mbuzi aliyepotea, ambaye jirani ameshamwona tangu asubuhi.

Utaambiwa: basenji habweki, mwizi ataingia. Kweli habweki, ingawa ana sauti yake ya kupanda na kushuka akifurahi. Kama unataka kelele, fuga kanga. Na familia za Kabambare zilizowahi kukimbilia porini usiku, watoto mgongoni, zinajua thamani ya mbwa anayenyamaza.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka 1937 mbwa hawa wa Kongo walipooneshwa kwenye maonesho ya mbwa ya Crufts, London, watu walisongamana kuwatazama. Ukoo wao wa ng'ambo ulitokana na mbwa wachache mno, damu ikawa finyu, maradhi ya figo yakawasumbua. Basi mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakafunga safari mpaka Zaire, wakaingia vijijini kutafuta damu mpya. Mtu avuke bahari kumfuata mbwa ambaye sisi tunamrushia mawe nyuma ya jiko!

Kwa hiyo chagua basenji, na usimtafute kwenye picha. Nenda kwa wazee wawindaji wa vijijini, kaa, kunywa walichokupa, uliza. Tazama masikio yaliyosimama, paji la uso lenye mikunjo, mkia uliojiviringa mgongoni. Jike huzaa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukiambiwa usubiri, subiri. Mpe kazi: akiwa mtoto afuatane na baiskeli mwendo mfupi, akikua apelekwe kwenye nyavu za kuwindia na kengele ya mti shingoni, maana mbwa asiyebweka akiingia kichakani humwoni wala humsikii. Asiye na kazi atakutafunia kandambili zote, za wageni zikiwa za kwanza.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiahirishe; bei yake ni ndogo kuliko mazishi. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa mwenyewe ni wa shangazi na anasifiwa kwa upole.