Steshenari Isiyohama

Bango la duka langu limeandikwa STATIONARY, kwa herufi nyekundu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara, na kila msomi anayetoka halmashauri kuja kupiga fotokopi hujiona ana deni la kunielimisha. "Kaka, hapo ilitakiwa e, siyo a. Ulivyoandika maana yake ni kitu kisichosogea." Namjibu kwamba fundi hakukosea: kodi nimeshalipa ya mwaka mzima, nisogee niende wapi?

Akibisha zaidi, nampa historia. Ulaya ya zama za kati wauza vitabu wengi walikuwa wachuuzi wa kutembea, wamachinga wa siku zile. Waliopata meza ya kudumu, hasa jirani na vyuo vikuu, waliitwa kwa Kilatini stationarius, yaani mwenye kituo. Wale wa London walianzisha chama chao mwaka 1403, wakapewa hati ya kifalme mwaka 1557, na chama kipo hadi leo. Karatasi na wino walivyouza vikachukua jina la muuzaji. Kutenganisha e na a kulikuja baadaye. Fundi wangu, ambaye siku ile alitaka tu kumaliza kazi kabla ya mvua, alilirudisha neno kwao.

Jirani yangu muuza nafaka naye ameandika kwenye kibao "wheat flower", na wanafunzi wa sekondari wakipita humwomba awapimie maua kilo mbili. Nimemwambia asifute. Unga laini kuliko wote Waingereza waliuita hivyo hivyo, ua la ngano, na Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 alikuwa bado hajayatenganisha maneno hayo mawili. Aliyechelewa ni Mwingereza, siyo jirani yangu.

Kwenye mabango basi mimi ni mpole. Ukali wangu uko kwenye maombi ya kazi, maana huko neno moja linaweza kumlaza mtu njaa. Vijana huniletea CV kwenye flashi, niprinti tu, wana haraka. Chini ya jina na tarehe ya kuzaliwa nakuta "Martial status: Single". Walitaka "marital", hali ya ndoa. Wameandika hali ya kivita. Kwa kapera sina neno sana. Ila kuna bwana mmoja wa makamo aliyeandika "Martial status: Married". Nikamweleza maana yake. Akafikiri kidogo, akasema, "Acha hivyo hivyo, mdogo wangu. Ndivyo ilivyo."

Wapo wanaojisifu kuwa "a quite person", na ule utulivu waliotaka kuutangaza, "quiet", umebaki nyumbani. Wapo waliozaliwa na kukulia Morogoro, kwa Kiingereza chao "born and bread", wakazaliwa pamoja na mkate. Na kuna herufi l katika neno "public" ambayo ikidondoka, shahada ya mtu ya utawala wa umma inageuka jambo lisilosemwa mbele ya wakwe. Kompyuta yangu ya zamani hainong'oni. Yenyewe hupiga mstari mwekundu chini ya neno lisilokuwepo, na haya yote yapo.

Lakini jozi iliyotutoa jasho kuliko zote ni "borrow" na "lend". Jembe kwetu huazimwa tu: mwenye jembe ameazima, na aliyekwenda nalo shambani ameazima, na hakuna anayebabaika. Sasa siku moja wakaja mabwana wawili, mmoja anamkopesha mwenzake shilingi 800,000 za kuongezea kwenye pikipiki. Walitaka hati kwa Kiingereza, eti ndiyo nzito. Rasimu walikuja nayo, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: jina la mkopeshaji, kisha "have borrowed", kisha jina la mkopaji, kiasi, na chini kabisa nafasi ya sahihi mbili na muhuri wa serikali ya mtaa. Nikaisoma mara ya pili. Kwa maandishi yale, mwenye fedha ndiye aliyekuwa anadaiwa.

Nilipowaeleza, mkopaji hakushtuka hata kidogo. "Tusimsumbue kijana wa watu, mbona imeeleweka," alisema, mkono umeshaifikia kalamu. Mkopeshaji, aliyekuwa amekwisha kusimama, akakaa tena. Nikawakumbusha kwamba mahakama ya mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili, na hakimu hatatishwa na Kiingereza chao. Tukaandika "nimemkopesha", wakasaini, yule wa pikipiki akiwa amenuna kidogo. Ndiyo ujue: jembe tumeliacha na kitenzi kimoja, lakini kwenye fedha tuliweka viwili, kukopa na kukopesha, na hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuvichanganya.

Sasa ninyi mnaotafuta kazi, nawaomba jambo moja. Njooni siku moja kabla maombi hayajafungwa, msije saa tisa na nusu alasiri ya siku ya mwisho na bahasha mkononi. Kusoma na kusahihisha silipishi. Kuprinti upya ni shilingi 200 kwa ukurasa.